Joto la Kwapani

Msiniulize nchi hiyo iko upande gani. Nikisema iko kaskazini, watu wa kaskazini watanuna. Nikisema iko kusini, kuna watu watataka niende nikaeleze vizuri ofisini kwao. Shikeni tu kwamba ni nchi ya joto, nchi ambayo watu hulala uani na shuka hawalitaki, isipokuwa kipande kimoja kidogo huko juu milimani kiitwacho Igandilo. Igandilo ni kwingine kabisa. Asubuhi unavunja barafu ya ndoo ndipo unawe uso, na watu husalimiana mikono ikiwa makwapani. Serikali ilikuwa haijafika huko tangu iundwe, kwa sababu sare yake ni ya mikono mifupi.

Basi, Waziri wa Nishati wa nchi hiyo, Mheshimiwa Daktari Shekwavi, alialikwa ng'ambo kwenye mkutano wa mataifa. Huko, nchi za baridi zilikuwa zimeamua kuacha kupasha nyumba zao joto kwa mafuta ya kuchimbwa ardhini, na kushirikiana kutumia mafuta ya mimea, ambayo ukiyamaliza mwaka huu unapanda tena mwakani. Jambo zuri, nani atalipinga? Mwenyekiti akauliza ni nchi gani iko tayari kulima mbono za kukamuliwa mafuta hayo. Mheshimiwa Shekwavi akanyoosha mkono. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mwenyekiti akauliza tena, na ni nchi gani ina nyumba zinazohitaji kupashwa joto? Mkono wa Mheshimiwa ulikuwa bado uko juu, maana wapiga picha walikuwa hawajamaliza. Hivyo ndivyo nchi ya joto ilivyoingia katika Mkataba wa Joto la Pamoja.

Aliporudi ilibidi itafutwe nyumba yenye baridi, na itafutwe haraka. Msafara ukapanda Igandilo. Gari la kwanza likakwama kwenye tope mbele ya nyumba ya mjane mmoja, mkulima wa viazi, jina lake Bi Tusekile, na redio ikatangaza jioni ile kwamba baada ya uchunguzi wa kina nyumba ya Bi Tusekile ndiyo imeteuliwa kuwa Nyumba ya Mfano.

Bi Tusekile hakuwa mtu wa kupelekwapelekwa. Ulimi wake ulikuwa unajulikana mpaka kijiji cha pili. Lakini hebu niambieni, wewe uko jikoni kwako unamenya viazi, wanaingia watu na suti, wanakupongeza kabla hujajua umefanya nini, utasema nini? Alisema asante. Neno hilo alilijutia sana baadaye.

Walianza kwa kuyang'oa mafiga yake. Yalikuwa matatu, meusi tii, na moto ulikuwa haujazimika katikati yake tangu alipoolewa. Yalipelekwa kwenye Makumbusho ya Taifa, yakawekwa ndani ya kioo. Pale yalipokuwa pakamiminwa saruji. Tundu la moshi likazibwa. Kisha ikaletwa hita kutoka ng'ambo, nyeupe, ndefu kama kabati la nguo, ikasimamishwa katikati ya nyumba hata ikabidi kitanda kihamie jikoni.

Siku ya uzinduzi hita ikatiwa chupa moja ya mafuta ya mbono na kuwashwa. Jamani, haki isemwe: ilipasha. Wazee walivua makoti, watu wakatazamana wakicheka, na Bi Tusekile mwenyewe akakunja mikono ya sweta lake. Mheshimiwa Shekwavi akasimama kuhutubia.

"Ndugu wananchi! Leo baridi imefukuzwa kazi! Kuanzia leo, baridi ikitaka kuingia nyumba hii itabisha hodi, na sisi hatutaitika! Mababu zetu waliota moto. Sisi tutaota ushirikiano!"

Hotuba ilikuwa ndefu kuliko chupa. Kabla Mheshimiwa hajafika kwenye shukrani, hita ilikohoa mara moja ikanyamaza, na wazee wakaanza kuokota makoti yao kimyakimya.

"Mheshimiwa," akauliza Bi Tusekile, "mafuta mengine yanakuja lini?"

"Mama yangu," akasema Waziri kwa upole, "sisi hapa ni watu gani? Mgeni akija nyumbani, anayepakuliwa kwanza ni nani?"

"Ni mgeni."

"Sasa washirika ni wageni wetu katika mkataba huu. Waache washibe joto kwanza, nasi tutapakuliwa."

"Na wao watashiba lini?"

"Kwao baridi ni ndefu, mama. Tuwe na adabu."

Yakasomwa masharti. Nyumba ya Mfano haitoi moshi. Basi ni marufuku kuwasha kuni, mkaa, hata kibatari. Familia ya Mfano haihami, maana ikihama nani atakuwa anapashwa joto? Askari wawili wakawekwa getini wahakikishe hakuna moshi unaoingia wala mtu anayetoka bila ruhusa ya kwenda shambani au kisimani. Bi Tusekile akasimama mlangoni akaangalia msafara unashuka mlima. Nyuma yake nyumba ilikuwa imepoa kama chungu kilichosahauliwa nje.

Ofisa Joto alibaki. Aliitwa Bwana Chilewa, kijana wa huko bondeni, mnene, mpole, aliyekuwa hajawahi kuona pumzi yake mwenyewe ikitoka mdomoni. Siku ya kwanza alipoiona alidhani anaungua. Alipewa koti zito la manyoya lililoletwa na washirika, koti pekee la aina hiyo katika wilaya nzima, na kazi yake ilikuwa kutunza kipimajoto. Kipimajoto hiki hakikuwa cha mchezo. Kilitundikwa ukutani, na chenyewe, bila kuambiwa, kilikuwa kinatuma namba ng'ambo saa yoyote ambayo washirika wangetaka kujua Igandilo wanaendeleaje.

Asubuhi iliyofuata kilituma nyuzi saba. Ng'ambo wakampigia Waziri simu. Waziri akampigia Chilewa.

"Pandisha!"

"Kwa mafuta yapi, Mheshimiwa?"

"Chilewa, nimekuambia upandishe namba. Habari ya mafuta imeingiaje hapa?"

Chilewa akazunguka nyumba nzima. Alikipulizia kipimajoto, akakisugua, akakifunika kofia. Mwisho, kwa kukata tamaa, akakitia kwapani. Baada ya muda namba ikapanda: nyuzi thelathini na sita. Ng'ambo walishangilia. Ikatolewa taarifa kwamba katika mataifa yote ya mkataba hakuna nyumba yenye joto kama ile ya Bi Tusekile, na kwa kuwa joto Igandilo limezidi mahitaji, mafuta yote ya msimu ule yapakiwe meli moja kwa moja.

Tangu hapo Chilewa hakuwa na mkono wa kulia. Alikula kwa kushoto, akaomba radhi kwa kila mtu aliyemsalimu. Alilala chali, kiwiko kimebana ubavu. Ubavu ukimwasha, ulimwasha.

"Pole, mwanangu," Bi Tusekile alimwambia siku moja. "Nilidhani mimi ndiye niliyefungwa."

"Mama, mimi nina mkataba wa kudumu," akasema Chilewa, na hakuwa anatania.

Sasa hayo yote yangekuwa ya kuchekwa tu, na Bi Tusekile alikuwa amekwisha kuanza kuyacheka, kama isingekuwa Sekela. Huyu ni binti yake wa pekee. Mumewe alikuwa bondeni kwenye kiwanda cha mradi, anakamua mbono. Sekela alikuja kwa mama yake na mimba ya kwanza, maana mtoto wa kwanza Igandilo huzaliwa nyumbani kwa mama wa mzazi, hilo halina mjadala. Askari walimruhusu kuingia. Kuingia hakukuwa na marufuku.

Mtoto akaja kabla ya wakati wake. Alikuwa wa kiume, mdogo, kichwa kama kiazi cha mbegu, analia sauti ndogo ambayo ilibidi uiinamie. Mkunga alimgeuzageuza akasema, "Tusekile, huyu hana ugonjwa. Huyu anataka moto tu. Mkimpa moto, anakua. Msipompa, mimi sisemi." Akanawa mikono kwa maji ya baridi, akaondoka.

Igandilo kuna desturi. Mtoto akizaliwa, kila nyumba humletea kaa moja la moto kutoka mekoni mwao, juu ya kigae, ili mtoto aote moto wa kijiji kizima. Basi kina mama wakaja, Mama Ngailo jirani mbele, kila mmoja na kigae chake, wanapulizia makaa yasizimike njiani, wanaimba. Askari wakawasimamisha getini.

"Hayo makaa yana moshi?"

"Ni makaa, baba. Ya mtoto."

"Mtoto yumo ndani ya Nyumba ya Mfano. Anapashwa joto na mataifa."

Wakaleta ndoo ya maji. Bi Tusekile alisikia kutoka ndani jinsi makaa yalivyolia chwi, chwi, chwi, moja baada ya jingine, na wimbo ukakatika. Alikaa juu ya saruji iliyofunika meko yake akalia kwa hasira, mikono imekunja ngumi mapajani. Kisha akajifuta uso, akaenda kwa Chilewa.

"Mpigie mkubwa wako. Mwambie nataka kumpeleka mjukuu wangu hapo kwa Mama Ngailo. Nyumba ya pili tu. Akishapata nguvu tutarudi, tuwe mfano tena."

Chilewa akapiga. Sauti ya Waziri ilisikika nyumba nzima.

"Anasikia baridi? Mtoto anasikia baridi katika nyuzi thelathini na sita? Chilewa, huyo ni mtoto au ni mpinzani? Halafu sikiliza. Washirika wamekwisha kutupongeza kwamba idadi ya watu waliopashwa joto imeongezeka kwa nafsi moja. Unataka niwaambie imepungua? Tena jina lake ni Mshirika, nimeshawatangazia."

Jina lake lilikuwa Lutengano. Bibi yake alimpa kwa kumnong'oneza sikioni, na akawa anamwita hivyo mlango ukiwa umefungwa.

Wakampakata kwa zamu. Sekela alikuwa na homa ya uzazi, mara anaungua, mara anatetemeka kuliko mtoto. Bi Tusekile alimfunga kifuani, ngozi kwa ngozi, akajifunika kila kitambaa kilichokuwamo ndani, pamoja na utepe mrefu wa uzinduzi. Lakini alikuwa mwembamba, na uzee una baridi yake. Usiku kucha alikuwa anasikiliza ile pumzi ndogo. Aliogopa kiasi kwamba alikuwa akihesabu pumzi zake mwenyewe kwa makosa.

Katika hali hiyo ndipo ugeni ulipokuja. Ng'ambo walikuwa wameanza kuona ajabu: nyuzi thelathini na sita mchana, nyuzi thelathini na sita usiku, hazipandi hazishuki. Wakamtuma Mtaalamu Mkuu aje ajifunze siri yake. Kwa kuwa alikuwa mtu wa kuamini takwimu, alikuja na fulana na kaptula.

Alipoteremka garini, magoti yake yakabadilika rangi. Lakini Mheshimiwa Shekwavi alikuwa amejipanga. Alivua koti mlangoni, akafungua vifungo vya shati, akatoa gazeti akaanza kujipepea.

"Uwii! Joto gani hili!" akasema. "Bi Tusekile, mnaishije humu?"

Mkuu wa Wilaya akaona, akavua koti, akajipepea kwa kofia. Katibu akajipepea kwa faili. Mkalimani, ambaye meno yalikuwa yanagongana, akajipepea kwa mikono miwili. Mtaalamu Mkuu akawatazama, akatazama mkononi mwake kidude chake kinachopokea namba kutoka kwa kipimajoto: thelathini na sita. Akaona aibu kuwa yeye peke yake ndiye anayesikia baridi. Naye akaanza kujipepea.

Watu kumi na kitu, ndani ya nyumba ndogo, wote wanapepea! Upepo ulizunguka humo ndani kama uko kileleni mwa mlima. Ulipita juu ya saruji, ukapita chini ya blanketi, ukaingia kifuani mwa Bi Tusekile. Akachungulia. Midomo ya Lutengano ilikuwa imeingia ubuluu, na hakuwa analia tena.

Hapo Bi Tusekile alisahau adabu. Alinyanyuka akaenda moja kwa moja kwa Chilewa, aliyekuwa amesimama pembeni mkono umebana, jasho la woga linamtoka. Alimtazama mwanamume yule mnene, koti lile la manyoya, na akaona kwamba katika nyumba nzima kitu kimoja tu kilikuwa kinapashwa joto kweli.

"Fungua mkono, mwanangu."

"Mama, nitafukuzwa."

"Fungua mkono!"

Chilewa akafungua. Bi Tusekile akakivuta kipimajoto akakiweka chini juu ya saruji, na pale kilipokuwa akamweka mtoto. Chilewa alishtuka kwa ubaridi wake, akasema "Maskini!" kwa sauti ambayo haikuwa ya kiofisa hata kidogo. Akalifunga koti juu yake, akamkumbatia.

Katika kidude cha Mtaalamu namba zikaanza kushuka. Thelathini. Ishirini. Kumi na mbili. Saba. Gazeti, kofia na faili vikasimama hewani. Mtaalamu akaitazama hita, akaishika, akautoa mkono haraka. Akamtazama Waziri, akamtazama Bi Tusekile, akayatazama magoti yake mwenyewe. Kila mtu aliona kuwa ameelewa. Bi Tusekile alimwangalia usoni, kwa mara ya kwanza tangu mafiga yang'olewe akawa na matumaini.

Lakini mtu yule alikuwa amekwisha kuandaa hotuba ya mkutano ujao, na picha ya nyumba ile ilikuwa kwenye jalada. Akasema maneno machache kwa lugha yao.

"Anasema kifaa kimeharibika," akatafsiri mkalimani. "Wataleta viwili. Kimoja cha kupima, kingine cha kukihakiki cha kwanza."

Ukumbi mzima, yaani jikoni kwa Bi Tusekile, ukapiga makofi. Ilikuwa nafuu kuliko kupepea. Ndani ya koti, pumzi ndogo ikaanza kusikika tena, kisha kilio, na Sekela kitandani akaziba uso akalia kwa furaha.

Waziri akamvuta Chilewa pembeni. Bi Tusekile alidhani sasa mtoto anatolewa, akasogea tayari kung'ang'ania. Lakini Mheshimiwa alikuwa anatabasamu kama mtu aliyegundua mgodi.

"Chilewa," akanong'ona, "kwani wewe una makwapa mangapi?"

"Mawili, Mheshimiwa."

"Sasa tatizo liko wapi? Mtoto huku, kipimajoto huku." Akamgeukia Bi Tusekile. "Mama, Serikali ni sikivu. Ofisa huyu na koti lake vitabaki hapa, mjukuu wako aote. Ila namba isishuke tena. Ikishuka, Ofisa atahamishwa bondeni, na koti atakwenda nalo."

Bi Tusekile akaitikia kwa kichwa. Angefanya nini?

Tangu siku ile Chilewa alikuwa hana mkono hata mmoja. Alikaa kwenye kigoda, upande huu Lutengano, upande huu taifa, na Bi Tusekile akawa anamlisha uji kwa kijiko. Mtoto akawa ananenepa. Alijifunza kulala kwa kusikiliza moyo wa ofisa, na ofisa akajifunza kumwimbia nyimbo za bondeni, nyimbo za mvua zisizokuja. Kuna nyakati Bi Tusekile alicheka mpaka akakaa chini. Kisha alitazama getini, akaacha.

Mheshimiwa naye hakulala. Alikuwa ameona jambo: nchi ina watu, na kila mtu ana makwapa mawili yamekaa bure. Kabla ya msimu kwisha vikaja vipimajoto kwa makontena. Kila mtu mzima wa Igandilo akapewa viwili, cha kupima kulia, cha kuhakiki kushoto, pamoja na onyo lile lile: namba ikishuka kwa yeyote, Ofisa na koti wanaondoka. Namba za mlima mzima zikawa thelathini na sita. Ungewaona wakipita njiani, viwiko vimebana mbavu, wanachota maji kwa vidole, wanapalilia viazi wamejikunja. Hakuna aliyependa. Lakini kila mmoja alimfahamu mtoto aliyekuwa kwenye koti, na hakuna aliyetaka namba ishuke kupitia kwapa lake.

Ndipo ukaitishwa mkutano mkuu wa hadhara. Mheshimiwa alipanda jukwaani amevaa makoti mawili.

"Ndugu zangu wa Igandilo! Mmeushangaza ulimwengu. Washirika wanasema, watu wenye joto namna hii mafiga ya nini? Kwa hiyo tunapendekeza mafiga yote ya wilaya hii yang'olewe, na meko yote yazibwe kwa saruji. Lakini sisi ni nchi ya haki. Hatumlazimishi mtu. Asiyekubali, na anyooshe mkono."

Bi Tusekile alikuwa mstari wa mbele, Chilewa ubavuni kwake. Aliwaza mafiga ya Mama Ngailo, moto uliokuwa karibu naye kuliko mwingine wowote. Mkono wake wa kulia ulimuuma kwa hamu ya kupanda. Akageuza kichwa akawaona watu wote aliozaliwa nao na kuzeeka nao, wamesimama wima, wamebana viwiko, nyuso zimekunjamana kama watu wanaobeba mzigo mzito, na wote wanalitazama lile koti. Naye akabana zaidi.

"Hakuna?" akauliza Mheshimiwa. "Narudia, hakuna hata mmoja?"

Hapo shingo ya koti la Chilewa ikatikisika. Kikatoka kimkono kimoja, kidogo, chekundu, cha joto, kikanyooka juu kabisa mbele ya watu wote, vidole vimetawanyika.

Mheshimiwa akakiona, akakunja uso. "Huyo anapinga?"

"Anajinyoosha tu, Mheshimiwa," akasema Chilewa. "Ametoka usingizini."

"Vizuri. Katibu, andika wote wamekubali."

Lutengano hakuushusha mkono. Bi Tusekile akauangalia. Halafu, viwiko vikiwa vimebana mbavu, akanyoosha vidole vyake taratibu, akaushika mkono ule na kuurudisha ndani ya koti, maana nje kulikuwa na baridi.